Mama wa Kuni Asiye na Alama

Wiki iliyopita fundi alikuja kunibadilishia kioo cha dirisha la sebuleni, kile ambacho watoto wa jirani walikivunja kwa mpira kisha wakakana kwa macho makavu. Alikuwa kijana wa maneno machache, jambo ninalolipenda kwa fundi. Alifungua kopo la puti, ule unga mweupe uliokandwa kwa mafuta wa kushikizia kioo kwenye fremu, akachota donge na kuanza kulikanda kiganjani. Harufu ilinikuta jikoni nikichemsha chai. Nikaiweka sufuria chini. Mimi ni mtu mzima, nimezaa na nimezika, lakini harufu ya puti bado inanitisha kama zamani.

"Mathe," fundi akaniita, "hii toi ya dirishani niiweke wapi?"

Nilitoka nikamkuta ameishika: mwanamke mdogo wa plastiki ya manjano, mrefu kama kiganja, ameinama mbele kwa uzito wa mzigo wa kuni mgongoni.

"Iko na mahali imebonyea hapa kwa kichwa," akasema haraka. "Si mimi nimeharibu."

"Najua si wewe," nikamwambia, nikaichukua.

Kama wewe ni wa rika langu na ulilelewa kwenye baridi ya mlima, basi hukununuliwa mwanasesere. Ulijitengenezea. Mtoto wako alikuwa gunzi la hindi ulilolifunga mgongoni kwa kitambaa, na kaka yako aliendesha gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kutoka kwenye sandali zilizochoka. Kisha kukaja msimu ambapo soko la Karatina lilianza kuuza mwanamke wa plastiki anayebeba kuni, akining'inia ndani ya neti katikati ya mabeseni na majagi. Pengine ulikuwa naye. Pengine ulimng'ata kichwa. Tulimwita mama wa kuni, na huyo mama alizaliwa kwenye banda la baba yangu, nje kidogo ya Kiganjo, na kuzaliwa kwake nusura kuniue kwa hofu.

Baba alikuwa seremala wa kiwanda cha mbao mpaka kiwanda kilipofungwa, akabaki nyumbani na patasi zake na ukimya wake. Ili mikono isilale, alichonga vitu vidogo: ng'ombe, kuku, mzee mwenye kofia. Mama, aliyekuwa akiuza viazi Karatina, alivipanga juu ya magunia ili watoto wa wateja wasimame na mama zao wasimame nao. Hapo ndipo Bwana Gitonga alipoviona. Alikuwa na kiwanda kidogo cha plastiki huko Thika, kiwanda cha mabeseni, na alikuwa ameingiwa na hamu ya kutengeneza wanasesere wanaofanana na watu wa kwetu. Siku moja pikapu yake ikaingia uani petu. Alimtaka Baba amtengenezee sanamu moja ya mfano: mama anayebeba kuni, ukubwa wa mkono, asimame kwa miguu yake mwenyewe.

"Naenda Nanyuki kutafuta wateja," alisema. "Nikirudi, mwisho wa mwezi, nitapita hapa. Ukiwa na kitu inasimama na haivunjiki nikiishika, kazi ni yako. Hii kwanza, halafu zingine."

Asingefaulu, Baba angekwenda Timau, kwenye mashamba ya maua, ambako binamu yake alikuwa amemtafutia nafasi ya kunyunyizia dawa. Angelala huko na kurudi Krismasi. Watu wazima walikuwa wakilisema hilo kwa sauti ya chini mezani, wakidhani sisikii. Lilinihuzunisha, sikatai. Lakini hofu yangu kubwa ilikuwa nyingine, na nyumbani hakuna aliyeijua.

Mama yake Baba, Shosho, alikaa kwenye nyumba ya mbao kando ya yetu. Alikuwa amebeba kuni tangu utotoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni, na mukwa ulikuwa umemwachia alama: bonde juu ya nyusi, kutoka upande huu hadi ule, mfupa wenyewe ukiwa umekubali kubonyea. Kidole changu kiliingia humo vizuri kabisa. Nilipokuwa mdogo zaidi nilikuwa nalala nikiwa nimekiweka pale.

Baba alipoambiwa mama wa kuni, hakuhitaji kufikiri ni nani. Alimwomba Shosho abebe mzigo wake avuke ua, arudi, avuke tena, huku yeye ameketi juu ya kigogo akimtazama.

"Nimebeba kuni miaka yote hakuna mtu ameniangalia," Shosho alilalamika. "Leo ndio unaona mama yako iko na mgongo?"

"Geuka kidogo, Mami."

"Nikigeuka tena hizi kuni naenda kupikia chai."

Na kweli alikwenda kuzipikia chai, zile zile kuni za mfano.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wenzangu wa nyumbani wanalijua na wengine huenda wasilijue. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na hilo jina si la kuandikia daftari tu. Baba hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita Maitu, yaani mama. Wanawake wa kijijini walinisalimia kwa heshima ya mzaha, wakiniuliza kama mtoto wangu, yaani baba yangu, ameamkaje. Shosho mwenyewe alipenda kunivuta mapajani na kuniambia, "Wewe ni mimi. Mimi nikienda, nabaki." Watu wazima husema mambo kama hayo wakidhani mtoto anasikia upendo tu. Mimi nilisikia kwamba mimi na yeye ni mtu mmoja, na nikaliamini hivyo hivyo lilivyosemwa.

Baba alianza na mti, kwa sababu mti ndio aliojua. Alichukua kipande cha saipresi, laini, chenye harufu nzuri, na kwa siku kadhaa mama wa kuni akawa anatoka humo kidogo kidogo: sketi, mgongo, mzigo, uso. Kwenye paji la uso Baba alichonga bonde dogo, akacheka peke yake. Tatizo lilikuwa mukwa. Ulitakiwa kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye kuni ukiacha mwanya kando ya sikio, mwembamba kama ulivyo kweli. Nyuzi za mti zilikuwa zimesimama wima, na ule mkanda ulitaka kulala. Nilikuwa nimesimama kando yake patasi ilipoteleza. Kulisikika mlio mdogo tu, na mkanda ukaanguka ukiwa umebeba kipande cha paji la uso.

Baba aliweka patasi chini. Aliokota kile kipande akakitazama kwa muda mrefu.

Alasiri ile ile Shosho alirudi kutoka ukingoni mwa msitu akiwa ameshikwa mkono na jirani, leso imefungwa kichwani, damu imepenya. Mukwa wake ulikuwa umekatika akishuka mteremko. Mzigo ulimvuta, akaanguka, akagonga kichwa kwenye jiwe. Mama alimwosha, akamfunga upya, akamsuta kwa kubeba mzigo mkubwa kuliko umri wake. Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekiona kipande cha paji la uso kabla mtu yeyote hajamwona Shosho.

Bado nilijiambia ni bahati mbaya tu. Mtoto hujitetea pia.

Baba akasema udongo hauna nyuzi. Alikwenda kwenye chimbo la kando ya kijito, lile ambalo wanawake wa zamani walichota udongo wa vyungu, akarudi na karai limejaa, mikono imepakwa hadi kwenye viwiko. Shosho alikuwa ameketi juani, kama lile linaweza kuitwa jua, maana ulikuwa msimu wa baridi ambapo mlima hujifunika wiki nzima na nguo hazikauki. Katika ujana wake Shosho alikuwa amefinyanga vyungu. Alimwona Baba, akainuka nusu.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Kwa kijito, Mami."

"Hiyo ni udongo ya wanawake. Mwanaume hata hapiti karibu ikifinyangwa. Itapasuka."

"Mami, si wewe uliokoka? Hizo ni vitu za zamani."

"Mimi niliokoka," Shosho akasema. "Hiyo udongo haikuokoka."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Baba pia alicheka, kisha akaingia bandani akafinyanga. Na lazima niseme, mama wa kuni wa udongo alikuwa mzuri kuliko wa mti. Alikuwa na mashavu ya Shosho, na lile bonde juu ya nyusi, na namna ya Shosho ya kubana midomo akiwa amechoka. Lakini kwa baridi ile hakukauka. Mwisho wa mwezi ulikuwa ukikaribia, Baba akakosa subira, akamweka jikoni karibu na mafiga. Asubuhi tulimkuta amepasuka kifua, ufa umeanzia kwenye titi hadi ubavuni.

Usiku ule Shosho alikuwa ameanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha chini, kizito, na alipokohoa alijishika kifua, upande ule ule wa ufa. Siku chache baadaye Mama alimpeleka zahanati, wakarudi na dawa na nyuso ambazo hazikutaka kuulizwa.

Tangu hapo sikuwa na shaka tena. Baba alikuwa anamtengeneza Shosho bandani, na kila alipoharibika kule, aliharibika huku. Baba alikuwa anamuua mama yake bila kujua. Na kwa kuwa mimi ni Shosho, basi ufa ungenifikia na mimi. Nilijipapasa kifua kila nilipooga. Shuleni, mwalimu alipoandika ubaoni, mimi nilisikiliza pumzi zangu. Sikumwambia mtu. Kwetu jambo la namna ile ukilitamka unaambiwa wewe ndiye umelileta, na mimi niliogopa kulileta zaidi ya lilivyokuwa limeshakuja.

Baba akajaribu hata kipande cha sabuni ya mche, Mama akakipora akafulia sare yangu. Kilikuwa hakijapata uso, na hilo pekee ndilo lililoniwezesha kuivaa ile sare. Kisha akapata nta ya nyuki kutoka kwa mzee mmoja mwenye mizinga, akaiyeyusha na vipande vya mishumaa. Nta ilimpendeza. Ilikubali ukucha, ilikubali kisu, na mukwa haukukatika kwa sababu aliusokota kama uzi. Alipomaliza alimweka juu ya kabati la sebuleni, mbali na moto wa jikoni na mbali na mikono yangu. Mkao ule ule, mzigo ule ule, alama ile ile kwenye paji la uso.

Jumamosi iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kumwombea Shosho. Walijaa sebuleni na masweta yao na vikapu vyao, Shosho akawekwa kwenye kiti kikubwa, shuka mabegani. Kwa kuwa kulikuwa na baridi, Mama alileta jiko la makaa akaliweka pembeni, pale palipokuwa na nafasi. Palikuwa chini ya kabati.

Waliimba, wakasimama, wakaanza kuomba wote kwa pamoja, macho yamefumbwa. Mimi sikufumba. Nilimtazama mama wa kuni. Mwanzoni nilidhani ni machozi yangu yanayomtikisa. Kisha nikaona kichwa chake kimeshuka. Mzigo ulikuwa unamvuta kando, polepole, kiuno kinajikunja, na uso uking'aa kama umetoka jasho. Nilimgeukia Shosho. Na yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwa sababu ya maombi, mabega yamemwanguka, na kikohozi kikamshika akajikunja zaidi. Walikuwa wanainama pamoja. Mwanamke aliyekuwa akiongoza alipaza sauti akamwomba Mungu amwongezee mama huyu siku za kuishi, na mama wa kuni akashuka tena kidogo.

Nilipanda juu ya kochi, nikakanyaga paja la mtu, nikamnyakua. Alikuwa moto na laini, vidole vyangu vikazama. Nikakimbilia nje kwenye manyunyu na kusimama katikati ya ua nikiwa nimemnyanyua juu apigwe na baridi, nikimpulizia, nikimwambia kwa sauti agande, ashike, tafadhali ashike. Alishika. Lakini alishika akiwa amepinda, na mbavuni alikuwa na alama za vidole vyangu.

Mama alinikuta hapo. "Wewe msichana, umeingiwa na nini? Watu wanaomba, wewe unakanyaga watu?"

Nilichungulia mlangoni kuona kama Shosho bado anapumua. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Kisha akautazama mkono wangu.

Ilibaki wiki moja. Baba aliacha kula mchana. Binamu wa Timau alituma salamu kwamba nafasi haitamsubiri. Na hapo ndipo puti ilipokuja. Baba aliitwa kubadilisha vioo shuleni kwetu, akabakiwa na puti nusu kopo, na akiwa njiani anakuja nyumbani akiikanda tu kwa mkono, kama mtu anavyochezea kokoto, akafikiri. Puti peke yake ni laini mno, haisimami. Nta peke yake inaogopa joto. Lakini puti imejaa chokaa na mafuta, na chokaa haiyeyuki. Alipofika aliipasha nta iliyobaki, akaichanganya na puti juu ya ubao, na kukatokea kitu kipya, cha rangi ya maziwa yaliyochachuka, ambacho hakikupasuka, hakikuinama, na kilishika kila alichokiagiza. Alisokota waya akapata mifupa ya mwanamke: miguu, uti wa mgongo, na waya mwembamba kuwa moyo wa mukwa.

"Maitu," akaita kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiwanda kifungwe, "njoo unikandie. Mikono yangu ni baridi, hii kitu inataka mikono moto."

Nilifika hadi mlangoni. Harufu ya ile puti, mafuta na chokaa na nta, ilijaa bandani. Juu ya ubao mifupa ya waya ilikuwa imelala ikisubiri nyama.

"Sitaki," nikasema.

"Ati nini?"

"Sitaki kumshika."

Baba alinitazama bila kuelewa, na furaha ikamtoka usoni. Nilijua nimemuumiza, nikajichukia, na bado sikuweza kuingia. Shosho alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake, shuka mabegani. Aliniita. Aliniweka kando yake, akanifunika na ile shuka. Alinuka mafuta ya kifua na moshi. Nikachukua kidole changu nikakiweka kwenye lile bonde lake, juu ya nyusi, nikakiacha hapo, na yeye akakiacha. Baadaye aliinuka, akajikongoja hadi bandani, akafunga mlango nyuma yake. Nilisikia sauti zao lakini sikusikia maneno.

Bwana Gitonga alikuja kama alivyoahidi, matope hadi kwenye milango ya pikapu. Sote tulikuwa sebuleni. Mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, na juu yake, peke yake, mama wa kuni alisimama. Hakuna aliyeketi vizuri. Bwana Gitonga alimzunguka, akamshika, akamgeuza juu chini, akauvuta mukwa kwa kucha. Haukukatika. Akamweka pembeni mwa meza akapiga meza kwa ngumi. Mama wa kuni hakuanguka.

"Sasa hii ndio nilikuwa nataka," akasema.

Mama alitoa pumzi iliyokuwa imekaa kifuani mwezi mzima. Baba alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Na mimi pia nikaanza kupumua, hadi Baba alipouliza, kwa kutaka kujua tu, kama angerudishiwa sanamu wakimaliza.

"Hii hairudi," Bwana Gitonga akasema, akivuta chai yake karibu. "Tunaimwagia plasta, ile ya kufunga mkono ikivunjika. Ikikauka tunapasua katikati, halafu huyu mama tunamtoa vipande vipande. Tukibaki na lile shimo, hiyo ndiyo kalibu yetu ya kumimina plastiki. Yeye kazi yake itakuwa imeisha."

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka nimesimama kati yake na meza, na kwamba sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko mimi.

"Msimpasue," nikasema. "Mkimpasua, Shosho anakufa."

Bwana Gitonga aliweka kikombe chini. Nilimwona akimtazama Shosho, kisha sanamu, kisha Shosho tena, na nikaona wazo likimpita usoni, la kwamba huenda nyumba hii ina mambo. Mama naye aliliona. Alinishika bega akanivuta kwa nguvu.

"Samahani, Bwana Gitonga, huyu mtoto amekuwa na homa. Wewe, toka nje."

"Mwacheni," Shosho akasema kutoka kwenye kiti chake.

Alinyoosha mkono, Baba akampa mama wa kuni. Shosho alimweka magotini, akaniita kwa kidole, nikaenda.

"Mimi najulikana na nini?" akaniuliza.

Akachukua mwenyewe kidole changu, akakiweka kwenye bonde la paji la uso wake. Akakipitisha humo kutoka upande mmoja hadi mwingine, taratibu. Kisha akakishusha hadi kwenye paji la uso la mama wa kuni, chini kidogo ya mukwa, akakipitisha vilevile. Palikuwa laini. Palikuwa laini kama paji la uso la mtoto ambaye hajawahi kubeba kitu.

"Iko na alama?"

"Hapana, Shosho."

"Unaona? Huyu ni mama wa mtu mwingine. Simjui. Wacha aende kazi."

Akamrudishia Bwana Gitonga, ambaye alicheka kwa sauti, cheko la mtu aliyekuwa ameanza kuogopa na hataki ijulikane. Alimfunga kwenye gazeti, akamweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akaondoka. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama nje dirishani, na mimi nilidhani anaiaga kazi yake.

Baada ya hapo nililala usingizi mzito. Shosho alikohoa wiki chache zaidi kisha akaacha, kwa dawa au kwa maombi au kwa ukaidi. Mvua zikaja, zikaisha, na pikapu ikarudi na katoni ya mama wa kuni wa plastiki, wa manjano na wekundu, wote wameinama vilevile, wote na mapaji ya uso laini. Baba hakwenda Timau. Alitengeneza wengine, mchunga ng'ombe, muuza mkaa, mwanafunzi na mkoba, na kila mmoja alipasuliwa huko Thika na hakuna aliyekufa. Nilikua. Nikaanza kuisimulia ile hofu kama kichekesho, na kila mtu alicheka, Shosho akicheka kuliko wote.

Alikufa mimi nikiwa chuoni, akiwa mzee sana, usingizini, mikono imekunjwa. Tulimzika nyuma ya nyumba yake ya mbao. Alasiri waombolezaji walipokuwa wakimalizia chakula uani, nilimtafuta Baba nikamkuta bandani. Alikuwa amewasha jiko dogo. Mkononi alishika koleo, na kwenye koleo msumari, ncha imekuwa nyekundu. Juu ya ubao alikuwepo mama wa kuni mmoja wa manjano, aliyemtoa kwenye katoni ya zamani.

"Ile siku alikuja hapa," Baba akasema bila kunitazama. "Unaikumbuka? Siku ulikataa kukanda. Nilikuwa nimeshaweka ile alama kwa puti. Ilikuwa imetoka vizuri sana. Akaniambia niitoe."

"Kwa sababu yangu," nikasema.

"Mimi pia nilidhani hivyo. Nikamwambia, Mami, ni mtoto tu, ataacha. Akaniambia, mtoto anaogopa, ndiyo. Na mimi pia naogopa."

Aliulaza ule msumari kwenye paji la uso la mama wa kuni, taratibu, kutoka upande huu hadi ule. Moshi mdogo ukapanda, ukinuka plastiki. Nilishindwa kujizuia, nikalia kwa sauti, kwa ajili ya Baba na kwa ajili ya yule mwanamke aliyekuwa amekiongoza kidole changu bila kutetemeka, mbele ya mgeni, huku ameishika hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi. Baba alipuliza alama ipoe. Akaijaribu kwa kidole.

"Sasa ni yeye," akasema.

Kisha akaniwekea kiganjani.

"Shika, Maitu," akaniambia, kama alivyoniita maisha yangu yote. Lakini siku hiyo hakuwa na mama mwingine wa kumwita.